Mkono wa Marwa Ulishika

Tarime, machimboni

Dada Bhoke,

Shikamoo. Ni mimi, mdogo wako Wambura. Bado napumua. Mgongo unauma lakini kazini naenda. Wewe je, goti limepungua kuvimba? Mvua ya huko Robanda imenyesha, au bado mnaangalia mawingu? Kondakta wa basi la Mugumu aliniambia tembo wamepita tena upande wa mashamba. Kama wamekula mahindi yako, pole. Kama wamekula ya jirani, mpe yeye pole.

Salamu zimeisha. Hii barua ni ya Marwa, mtoto wako.

Ulikuja mara moja, ukamwona mahabusu, ukalia, ukarudi. Hukuuliza ilikuwaje kule shimoni. Na mimi sikusema. Sasa nasema, maana mahakamani nimeshasema mbele ya watu wote. Hata mama wa marehemu amesikia. Wewe mama wa mshtakiwa ndiye hujasikia.

Ile siku tulikuwa chini wawili, mimi na Mwita. Mwita unamjua, yule mrefu niliyekuja naye Krismasi, akala kuku wako akauliza kama kuna wa kesho. Duara letu, yaani lile shimo, linashuka wima. Ukiwa chini unaona mdomo wake juu kama sahani. Ngazi hakuna. Mtu anakaa kwenye kitanzi cha kamba, wa juu anazungusha winchi, unapanda. Winchi yenyewe ni gogo tu, lina mkono wa chuma wa kuzungushia. Inatakiwa watu wawili. Mwenye duara anaweka mmoja, anasema wa pili ni wa kula tu. Aliyekuwa juu ni Marwa. Ana nguvu, wote tulikuwa tunamtaka yeye. Marwa akiwa juu unapanda umetulia.

Mwita akakaa kwenye kitanzi, akaanza kwenda. Akapita nusu. Kamba ikasimama.

Mimi niko chini naangalia nyayo zake. Mwita akapiga kelele, "Marwa! Umelala, mura?"

Kimya.

"Kijana, vuta! Au kuna msichana amepita?"

Mwita akacheka. Akaniambia mimi huku chini, "Wambura, mpwa wako amenianika."

Nikamwambia atulie, asiichezee kamba.

"Nitulie nini, niko kama nyama ya buchani hapa."

Akaanza kuimba, ule wimbo wa kwaya ya kwao. Alikuwa anaimba vibaya, kila mtu alijua. Akaimba ubeti mmoja akaumaliza. Halafu kamba ikaachia.

Alinipita. Sikuwahi kufanya kitu. Aliangukia pembeni yangu, kwenye mawe tuliyovunja asubuhi. Sitaandika alivyokuwa. Alikufa hapo hapo, na mimi nikakaa naye mpaka huko juu wakapata mtu wa kukubali kushika winchi tena.

Nilipotoka ndiyo nikaambiwa. Marwa alikuwa anazungusha. Akasimama, macho yakageuka, akatoa sauti kama ng'ombe aliyekabwa. Mwili ukakaza kama mti. Akalalia mkono wa winchi, ameukumbatia, vidole vimefunga. Hapo gogo halikwenda kokote. Akiwa amekaza hivyo, Mwita alikuwa salama. Na watu watatu walikuwa pale pale. Mmoja anachoma mahindi, wawili wanasubiri yaive. Kuna kipande cha nondo kinaning'inia kwenye mti wa winchi, kazi yake ni moja tu, unakichomeka, gogo linafunga. Ni kunyoosha mkono. Lakini Marwa alikuwa anatoa povu. Mmoja akapiga kelele, "Povu! Msimguse, litawarukia!" Wakakimbia wote. Wakasimama mbali wamefunika pua. Mwili ukarukaruka, halafu ukalegea, vidole vikafunguka.

Unajua kwetu. Mtu akianguka vile hashikwi. Hata mimi ningekuwa juu, sijui. Nimejiuliza, sijui.

Marwa akaamka hana habari. Akakaa, akaomba maji. Hakupewa. Akauliza, "Mwita ametoka?" Ndipo wakaanza kumpiga. Walioanza ni wale wale watatu. Polisi walimkuta uso umevimba, macho huyaoni.

Hayo ndiyo ya shimoni. Sasa ya kesi.

Inasikilizwa hapa Bomani. Jaji amekuja kwa kikao, na pembeni yake wamekaa wazee watatu wa baraza, watu wa hapa hapa, wanasikiliza halafu watatoa maoni yao. Marwa anashtakiwa kuua bila kukusudia. Mahakama imempa wakili, sisi hatumlipi. Ni dada mmoja kijana kutoka Musoma, mwembamba, haongei sana. Upande wa pili kuna wakili wa serikali, ana tumbo na kikohozi.

Mimi kesi sikuielewa. Nilifikiri ni rahisi: alianguka, hakutaka, basi. Wakili wetu akanikalisha kwenye benchi nje.

"Mzee Wambura, nikupe mfano. Dereva anaendesha. Nyuki anaingia dirishani, anamuuma jichoni, gari linagonga mtu. Dereva ana kosa?"

"Hana."

"Kwa nini?"

"Aliyeendesha ni nyuki."

Akacheka. "Haya. Dereva wa pili. Daktari amemwambia, wewe una kifafa, usiendeshe. Anaendesha. Anaangukia usukani, gari linagonga mtu. Wakati wa kugonga alikuwa hajitambui, sawa na yule wa nyuki. Ana kosa?"

Nikafikiri. "Analo."

"Lakini hakujitambua."

"Alijitambua wakati anawasha gari."

"Basi hiyo ndiyo kesi ya Marwa," akasema. "Hakuna anayebisha kwamba alianguka. Tunabishania asubuhi, wakati anashika winchi. Alijua ana ugonjwa, au hakujua? Kama alijua, anafungwa. Kama hakujua, yeye ni yule wa nyuki."

Shule yangu unaijua, niliacha hata kugawanya sijui. Lakini hiyo iliingia.

Wakaleta daktari wa mambo ya ubongo kutoka Mwanza. Akasema ndani ya kichwa kuna umeme mdogo mdogo, ndio unaopeleka amri kwenye mikono na miguu. Kwa mtu wa kawaida unakwenda kwa zamu. Kwa mwenye kifafa kuna wakati unawaka wote mara moja. Mwili unakaza, halafu unarukaruka, halafu unalegea. Akasema mwenyewe hapo haamui chochote, hata akiwa anataka.

Wakili wa serikali akakohoa. "Daktari, umesema unakaza. Kama mkono ulikaza, uliachiaje kamba? Si aliachia kwanza, kwa uzembe wake, ndipo akaanguka?"

Hapo nikaitwa mimi. Nikaeleza Mwita alivyosimama hewani, alivyotania, alivyoimba. Jaji akauliza aliimba kiasi gani. Nikasema ubeti mmoja mzima. Akasema, "Uimbe, tuusikie urefu wake."

Dada, niliimba mahakamani. Wimbo wa Mwita, na mama yake amekaa mbele yangu. Akajaza kanga mdomoni. Daktari alikuwa anaangalia saa yake. Nilipomaliza akasema ndiyo, inaendana. Mkono ulikaza na ulishika, ukaachia ulipolegea. Wakili wa serikali akakaa chini.

Mzee mmoja wa baraza akaomba kuuliza. "Daktari, na lile povu? Linaambukiza?"

"Ni mate, mzee. Mate na hewa."

"Wewe limewahi kukugusa?"

"Karibu kila wiki."

Mzee akavuta kiti chake nyuma. Watu wakacheka, hata jaji akainama.

Nje nikamuuliza wakili, wale watatu wameshtakiwa? Akasema hapana. Sheria haimfungi mtu kwa kusimama tu asimwokoe mtu ambaye hakukabidhiwa. Aliyekabidhiwa winchi ni Marwa. Nikauliza na mwenye duara je, aliyeweka mtu mmoja badala ya wawili? Akasema kwa sasa huyo ni shahidi. Wale watatu walikuja kutoa ushahidi wamechomekea mashati, wakasema povu, povu, wakaenda kunywa chai.

Sasa nafika kwako.

Yule askari aliyekuja Robanda, ukamchinjia kuku, naye alisimama kutoa ushahidi. Akasema, "Mama wa mshtakiwa aliniambia mwanawe ana kifafa tangu mdogo." Wewe ulifikiri unamsaidia. Ulifikiri mgonjwa hafungwi. Tena ulifikiri askari ni mtu wa mbali, neno litaondoka naye. Dada, ulimpa kuku ukampa na kisu. Hilo neno ndilo wakili wa serikali alikuwa analitafuta.

Marwa alikuwa kizimbani. Aliposikia hakumwangalia jaji. Alinigeukia mimi.

"Mjomba, nina nini?"

Jaji akamwambia anyamaze. Akarudia. "Mjomba, mimi nina nini?"

Ndivyo alivyojua. Mtu mzima, ametahiriwa na rika lake, ana ndevu, anaambiwa ugonjwa wake na askari mbele ya watu waliokuja kuangalia kama sinema.

Wakili wa serikali akasema anaigiza. "Mama ajue, mwenye mwili asijue? Wewe kijana, hujawahi kusikia kitu chochote mwilini?" Na Marwa, kwa sababu hajui kudanganya, akasema, "Kuna wakati nasikia harufu kama mpira unaungua, halafu napotea kidogo. Nilifikiri ni jenereta ya duara la jirani." Yule akawageukia wazee wa baraza mikono juu. "Mmesikia." Daktari akasema wengi wanaipata hiyo harufu na hawajui ni nini. Lakini wazee walikuwa wanamwangalia Marwa, hawakuwa wanamwangalia daktari.

Wakili wetu akasimama. Akasema neno la askari ni la kusikia, mama aje aseme mwenyewe. Mimi nikanyoosha mkono. Nikasema, mheshimiwa, mimi najua, dada aliniambia pale stendi alipokuja. Nikaanza kueleza ulivyonieleza. Kwamba alianguka akiwa mdogo hajui hata kuchunga mbuzi. Kwamba shemeji alimpeleka kwa mganga, akachanjwa, mbuzi akachinjwa, na mganga akasema kimetoka, kisitajwe tena ndani ya nyumba, hata kwa mtoto mwenyewe, kikitajwa kinarudi. Kwamba mkafunga midomo, wewe na shemeji, na shemeji tumeshamzika.

Jaji akanikata. "Wewe ulikuwepo alipochanjwa?"

"Hapana mheshimiwa. Nilikuwa Kenya nakata miwa."

"Ulimsikia mganga akikataza?"

"Niliambiwa."

"Basi kaa."

Nikakaa. Neno langu ni la kweli lakini halihesabiki, maana masikio yangu hayakuwepo. Yaliyokuwepo ni yako. Jaji akaagiza uitwe.

Mtu wa mahakama alifika Robanda. Jirani akamwambia umeenda hospitali Mugumu, na huku moshi unatoka jikoni kwako. Amerudi akasema hivyo hivyo mbele ya jaji, na moshi akautaja. Jaji angeweza kukuletea pingu. Wakili wetu ndiye aliyeomba asifanye hivyo. Akasema mama akiletwa na pingu, wazee wa baraza watasema amelazimishwa. Aje kwa miguu yake. Kesi ikasogezwa mpaka Jumatatu ya wiki ijayo. Baada ya hapo jaji anaondoka, na hatasubiri tena.

Najua kwa nini ulijifungia. Nilimtuma katekista kwako, ukamjibu, "Ghati kwanza. Nyumba yenye kile kitu haiolewi." Kijana wa mzee Rioba wa Sirari ameshamchumbia binti yako, ng'ombe wamekubaliwa, wanasubiri tu njia ya huku ikauke wawalete. Ukilisema lile neno Bomani asubuhi, jioni limefika Sirari. Ni kweli. Sikubishii hata kidogo. Una watoto wawili, mmoja yuko nje na mmoja yuko ndani, ukaona wa ndani atavumilia.

Nikuambie anavyovumilia. Tangu siku ya ushahidi wa yule askari, huko mahabusu hakuna anayekula naye sahani moja. Wamempa jina. "Jenereta, leo unawaka?" Asubuhi ndiyo salamu yake. Wamemhamishia karibu na ndoo ya haja, analala hapo. Wiki iliyopita alikuwa zamu ya jikoni, akaanguka kwenye sufuria la uji. Walikuwepo wenzake, wakarudi nyuma wakasubiri povu liishe. Askari magereza ndiye alimvuta kwa mguu. Ameungua shavu lote, sikio, na shingo. Jicho moja limeziba, daktari hajui kama litafunguka.

Nilimkuta hospitali amefungwa bandeji, na mnyororo mguuni umefungwa kitandani. Daktari amempa vidonge. Anasema akivimeza kila siku anaweza asianguke tena kabisa. Nikauliza vinatoka wapi, Mwanza? Akasema viko hata hospitali ya Mugumu. Viko siku zote. Mugumu, dada. Pale unapouzia karanga.

Marwa akaniambia, kwa mdomo ule ulioungua, "Mjomba, mwambie mama asije."

"Kwa nini?"

"Ghati."

"Utafungwa."

"Nifungwe. Mwita amekufa mkononi mwangu."

"Mkono wako ulishika, mura. Daktari amesema. Mimi mwenyewe nilikuwa chini yake."

"Uliachia," akasema. Akageukia ukuta. "Usimwite mama."

Kwa hiyo alikataza. Nakuambia ili ujue mtoto uliyemzaa ni wa namna gani. Nilitoka nje nikakaa kwenye jiwe. Mke wangu alikufa bila kuniachia mtoto, unajua. Wa kunizika mimi ni Marwa. Sina mwingine.

Jumapili nikapanda gari nikaenda Sirari.

Mzee Rioba alinipokea vizuri. "Karibu mkwe, karibu sana. Mama, lete soda." Nikaletewa soda. Akauliza habari ya kesi, akasema pole, akasema vijana wa machimbo wana shida. Nikanywa kidogo nikaweka chini.

Nikamwambia, "Mzee, nimekuja na neno. Kwa dada yangu kuna kifafa. Marwa anacho tangu mdogo. Walificha."

Kijana wake alikuwa mlangoni anakwangua matope kwenye buti. Akaacha kukwangua.

Mzee akauliza, "Na Ghati?"

"Ghati hana. Daktari amesema mahakamani, hakiambukizwi na mate, wala kwa kukaa nyumba moja."

"Huyo daktari ana mtoto wa kiume?"

"Sijui."

"Basi amuoe yeye." Halafu akanishika mkono, dada, akanishukuru. "Mkwe, wewe ni mtu. Mwingine angenyamaza mpaka ng'ombe wafike." Aliniita mkwe mara ya mwisho hapo. Mke wake akaja kuchukua chupa yangu. Aliishika na kitambaa. Yule kijana alivuka uwanja akaenda kwenye zizi, hakugeuka.

Kwa hiyo ndoa hakuna. Usisubiri ng'ombe. Nimeiharibu mimi, kwa mdomo wangu, nikiwa sijalewa. Ulikuwa na kitu cha kulinda, nimekiondoa. Ukikaa nyumbani Jumatatu ukafunga mlango, mzee Rioba hatarudi. Kilichobaki ni Marwa peke yake. Laana yako nitaipokea ukishuka kwenye basi, nitakuwa stendi.

Ukifika utaapishwa. Sema: nilijua, nilimficha, yeye hakujua. Usilie kwanza. Sema kwanza ndipo ulie. Yule mwenye tumbo atakuuliza, "Mama, ulijua, na ukamwacha mtoto aende kushika kamba za watu?" Jibu ni ndiyo. Usizunguke. Nimemuuliza wakili kama watakufunga wewe. Amesema hafikirii. Mama wa Mwita atakuwepo, anakaa mstari wa mbele kila siku. Atakuangalia. Mwache akuangalie, ana haki. Siwezi kukuahidi kitu. Jaji anaweza kukusikia na bado akamfunga.

Nisalimie mama mdogo Rhobi aliyenilea, mwambie meno yangu bado yapo. Nisalimie binamu Nyamhanga fundi baiskeli, na mwenyekiti wa kitongoji, na katekista, mwambie asante kwa kubeba maneno yangu. Wale watoto wa jirani wasalimie pia, hata kama mama yao alimdanganya mtu wa mahakama kwa ajili yako.

Ghati, sasa nasema na wewe. Mama yako hajui kusoma, na barua za nyumbani hampeleki kwa mtu. Unayesoma hapa ni wewe, kwa sauti, na yeye amekaa anakusikiliza. Ningetaka usijue ningemtuma mtu. Sikutaka. Hilo neno halijatajwa ndani ya nyumba yenu tangu umezaliwa, na leo wewe ndiye umelitaja, tena mara nyingi. Kaka yako alitaka afungwe ili uolewe. Nimemkatalia, na wewe sikukuuliza. Nichukie. Ningekuwa wewe ningenichukia. Lakini yeye anapumua na nusu ya uso, na mama yako ndiye mwenye yale maneno matatu, na peke yake hatatoka mlangoni. Utamwona anatafuta kazi ya kufanya, atachukua jembe, atasema goti. Mnyang'anye jembe. Basi la Mugumu linaondoka alfajiri. Mpandishe, na wewe panda.

Ni mimi niliyewaharibia,
Wambura, mdogo wa mama yako